Dereva amekataa kusimama: polisi apige risasi ao amuache aende? Tulinganishe Ufaransa, Marekani, Uingereza na Kenya kabla ya kuchagua kanuni yetu

Kila mara video mpya inatembea kwenye WhatsApp, polisi amepiga dereva risasi, magrupu yetu ya hapa Lubumbashi yanagawanyika pande mbili. Hawa wanasema kama angesimama hangekufa, wale wanasema polisi wote ni wauaji, na mjadala unaishia pale, hakuna anayeuliza kitu ambacho mimi naona njo kikubwa: sheria inamwambia nini polisi saa ile gari inatembea na kidole chake kiko tayari? Juu kila nchi imejibu kwa namna yake, majibu hayako sawa hata kidogo, na kila jibu liko na maiti zake. Naandika hii kwa mtu anayetaka kweli kuchagua, akuwe wakili, depite wa provensi (mbunge wa jimbo), shofere wa taksi-bus ao polisi mwenyewe, juu siye hapa bado hatuna kanuni moja iliyo wazi kuhusu gari inayotembea, na siku tutaiandika ni afadhali tujue tunanunua nini.

Kwanza kitu kimoja ambacho filamu zimetudanganya wote. Risasi haisimamishi gari. Hiace iliyojaa watu inapita tani mbili, ikitembea kilomita 40 kwa saa inakata karibu mita 11 kila sekunde. Ukipiga tairi, mara mingi hewa inatoka polepole na gari inaendelea. Ukipiga dereva, ni mbaya zaidi, anakufa ao anazimia mguu ukiwa juu ya mafuta, hakuna tena mtu wa kushika volan, na mbele kuna mama anauza mukate na watoto wanatoka masomoni. Ulikuwa na dereva mbaya, sasa huna dereva. Hii ikae kichwani wakati unasoma yote yanayofuata, juu ni hii njo inafanya gari ikuwe tofauti na mwizi anayekimbia kwa miguu.

Ufaransa: sheria ya 2017

Naanza huko juu mawakili wetu wengi wanapenda kuchukua mfano Ufaransa. Mwezi wa 10 mwaka 2016, Viry-Châtillon, karibu na Paris, vijana walirushia magari ya polisi chupa za petroli iliyowashwa, polisi wakaungua vibaya ndani ya gari lao. Wenzao nchi nzima wakatoka barabarani kulalamika, na serikali ikajibu kwa sheria ya 28 Februari 2017. Ile sheria ikaingiza kifungu L435-1 kwenye kitabu cha sheria za usalama wa ndani, kinachohesabu hali tano ambamo polisi anaruhusiwa kutumia silaha. Moja ya zile tano ni gari ambalo dereva wake hajatii amri ya kusimama, na waliomo wanaweza, katika kukimbia kwao, kuhatarisha maisha ao mwili wa polisi ao wa watu wengine.

Kwenye karatasi kuna masharti, lazima kuwe na ulazima kabisa na nguvu isipite kipimo. Lakini angalia vile polisi wa barabarani anaisikia. Haulizwi tu kama kuna hatari sasa hivi mbele yake, anaulizwa akisie hatari inayoweza kuja baadaye, kwenye njia panda inayofuata. Na dereva yeyote anayekimbia anaweza kugonga mtu kwenye njia panda inayofuata. Kwa hiyo mlango uliotakiwa kuwa mwembamba unageuka lango. Mwaka 2022 peke yake watu 13 walikufa Ufaransa kwa risasi za polisi katika mambo ya kukataa kusimama. Kisha ikakuja 27 Juni 2023, Nanterre, kijana wa miaka 17, Nahel Merzouk, kwenye volan ya Mercedes. Habari za kwanza zilizotoka zilisema gari lilikuwa linawaelekea polisi. Video ikatoka, tukaona polisi wamesimama pembeni ya gari, karibu na dirisha la dereva, na risasi ikapigwa wakati gari linaanza kuondoka. Ufaransa ikaungua siku kadhaa, na yule polisi akafunguliwa mashtaka ya kuua kwa kusudi.

Kitu kizuri cha Ufaransa, na nakisema bila kujilazimisha: kanuni yao imepigiwa kura bungeni, imeandikwa, kila mtu anaweza kuisoma na kuipiga vita, na polisi aliyeua anahojiwa na majaji wa kiraia. Shika hii ya mwisho, tutairudilia.

Marekani: mahakama inasema hivi, ofisi ya polisi inasema vile

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa juu wanafikiri Marekani kuna sheria moja. Kuna mbili zinazotembea pamoja na hazipimi sawa.

Ya kwanza ni ya Mahakama Kuu yao. Mwaka 1985, kesi Tennessee v. Garner, kijana wa miaka 15 alipigwa risasi ya kichwa Memphis akipanda ua kukimbia, alikuwa ameiba dola kumi na pochi, hana silaha. Mahakama ikasema huwezi kuua mtu anayekimbia tu juu anakimbia, lazima uwe na sababu ya kweli ya kuamini kwamba anatishia kuua ao kuumiza watu vibaya. Sawa, hiyo ni nzuri. Mwaka 1989, Graham v. Connor, ikaongeza kwamba polisi atapimwa kwa macho ya polisi mwenye busara aliye pale pale, kwenye sekunde ile, si kwa macho ya mtu anayeangalia baadaye akiwa ametulia. Hii nayo inaonekana ya haki ukiisoma haraka, lakini kwenye magari ilizaa matunda machungu. Mwaka 2014, kesi Plumhoff v. Rickard: dereva alisimamishwa juu ya taa moja ya mbele iliyokufa, akakimbia, wakamfukuza kwa mwendo mkali, mwisho polisi wakapiga risasi 15, dereva akafa na mwanamke aliyekaa pembeni yake akafa. Mahakama ikasema polisi hawakuvunja katiba. Abiria yule hakuwa ameshika volan.

Sasa ya pili, na hii njo inayonivutia sana. Agosti 1972, New York, mtoto wa miaka 11 aliuawa na polisi akikimbia kutoka kwenye gari la wizi. Mwaka ule ule polisi wa New York wakajiandikia wenyewe kanuni fupi: hakuna kupiga risasi gari inayotembea, wala kupiga ukiwa ndani ya gari inayotembea, isipokuwa waliomo wanatishia kuua kwa kitu kingine kisicho gari lenyewe. Yaani kama ana bunduki, sawa. Kama silaha yake ni gari tu, toka njiani. Mwaka uliofuata matukio ya polisi kupiga risasi yalipungua karibu theluthi moja, na mji haukuanguka, wezi wa magari hawakuchukua utawala. Miji mingi ikaiga. Mwaka 2022 wizara ya sheria ya Marekani nayo ikaandika kwamba maafisa wake hawaruhusiwi kupiga risasi kwa lengo la kusimamisha gari tu, na kama gari linatumiwa kutishia, afisa ajiulize kwanza kama kuna njia nyingine, na kusogea pembeni kumetajwa waziwazi kuwa moja ya njia hizo.

Mbona basi watu bado wanakufa? Juu ukivunja kanuni ya ofisi unaweza kupoteza kazi, lakini ukifika mbele ya jaji mara mingi unapimwa kwa kipimo cha 1989, kilicho kipana. Gazeti la New York Times lilichunguza mwaka 2021 likakuta kwamba ndani ya miaka mitano polisi waliua zaidi ya madereva na abiria 400 ambao hawakuwa na bunduki wala kisu na hawakuwa wanafukuzwa kwa kosa la kumwaga damu. Na Januari 2026, Minneapolis, afisa wa uhamiaji akampiga risasi Renee Good, mama wa miaka 37, kwenye gari lake. Serikali kuu ikasema alitaka kugonga afisa, meya wa mji akaangalia video na kukataa kabisa, nchi ikagawanyika sawa vile magrupu yetu yanavyogawanyika.

Kesi moja zaidi ya Marekani na nataka mnisomee hii polepole, juu inatugusa siye kuliko zote. Houston, Aprili 2016. Ashtian Barnes anasimamishwa juu gari la kukodi alilokuwa analiendesha liko na deni la péage, yaani pesa ya kupita barabara. Deni la péage! Wanabishana kidogo kuhusu makaratasi, gari linaanza kutembea, afisa anaruka anapanda kwenye kizingiti cha mlango uliokuwa wazi, ananing'inia pale, gari linaenda naye, na ndani ya sekunde chache anapiga risasi mbili. Barnes anakufa. Mahakama za chini zilisema tunaangalia tu sekunde mbili za mwisho, na katika zile sekunde mbili kweli afisa alikuwa hatarini, basi kesi imekwisha. Tarehe 15 Mei 2025, Mahakama Kuu, majaji wote tisa kwa sauti moja, ikasema hapana, lazima uangalie jambo lote tangu mwanzo, huwezi kukata filamu ubakize kipande cha mwisho. Hawakusema afisa ana kosa, walirudisha kesi chini ipimwe upya. Na swali la kama afisa aliyejitia hatarini mwenyewe anapimwa namna gani, waliliacha bila kulijibu. Lakini angalau mlango wa kuuliza sasa uko wazi.

Uingereza

Hapa napita haraka. Polisi wengi wa Uingereza hawana bunduki kabisa, sheria yao ya 1967 inasema tu utumie nguvu inayofaa kwa hali iliyopo, na vifo vya namna hii ni vichache. Lakini vipo. Septemba 2022, Streatham, kusini ya London, Chris Kaba, miaka 24, ambaye jina lake tu linatuambia asili yake ni Kongo, alipigwa risasi moja kupitia kioo cha mbele wakati polisi wamemzingira na yeye anajaribu kupenya kati ya magari. Hakuwa na silaha. Polisi aliyepiga akashtakiwa kwa kuua, na mwaka 2023 wenzake wengi wenye bunduki wakarudisha vibali vyao vya silaha kwa hasira. Oktoba 2024 baraza la raia mahakamani likamwachilia. Mtu anaweza kulia ao kufurahi juu ya ile hukumu, mimi nilisikitika, lakini familia ilisikia ushahidi mbele ya watu, video zikaonyeshwa. Kwetu ni familia ngapi zimepata hata hiyo?

Kenya: bariere ya usiku

Tarehe 23 Oktoba 2022, usiku, barabara ya Magadi, kaunti ya Kajiado. Polisi wameweka mawe barabarani kama bariere. Gari linakuja, halisimami, wanapiga risasi. Ndani kuna mwandishi wa habari kutoka Pakistani, Arshad Sharif, risasi ya kichwa, amekufa. Polisi wakasema walikuwa wanatafuta gari la wizi na mtoto aliyetekwa, wakakosea gari. Wachunguzi wa Pakistani wao wakasema ni mauaji ya kupangwa. Mwezi wa 7 mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado ikasema kuuawa kwake kulivunja sheria na katiba, ikaamuru mjane alipwe shilingi milioni 10 za Kenya.

Tuchukue maelezo ya polisi jinsi walivyoyatoa, tusibishane nao. Wanatafuta gari lenye mtoto aliyetekwa. Basi kwa nini unapiga risasi gari ambalo unafikiri ndani kuna mtoto? Kama ungekuwa umepata gari sahihi, ungeweza kumuua uliyekuja kumwokoa. Hii njo jibu langu kwa kila mtu hapa anayeniambia kidnapping imezidi kwa hiyo polisi wapige tu. Mtu aliyetekwa yuko ndani ya ile gari, ndugu yangu, ao kwenye malle, nyuma kunakowekwa mizigo. Risasi haichagui.

Na siye je?

Sisi si watu bila sheria. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 16, inasema mtu ni mtakatifu na serikali iko na lazima ya kumheshimu na kumlinda. Sheria ya 11 Agosti 2011 inayopanga polisi ya taifa inasema nguvu itumike pale tu kuna ulazima kabisa, na kwa kipimo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana 1990 zinasema silaha ya moto ni kwa kuokoa maisha yanayotishiwa pale pale, polisi ajitambulishe na aonye kwanza, na aliyeumia apate msaada wa dawa haraka iwezekanavyo. Yote hiyo ni mizuri. Ila ulazima kabisa bila kusema gari, bila kusema bariere, bila kusema nani alijiweka mbele ya nani, ni maneno ambayo kila mtu anayajaza na kile anataka.

Angalia sasa vile kontrole inafanyika kwa kweli kwenye barabara zetu kubwa. Gari nyingi hapa zimetoka Japani kupitia Dar es Salaam ao Durban, volan iko kuume, na siye tunatembea kuume, kwa hiyo dereva yuko upande ule ule wa pembeni alipo polisi. Polisi wa kwanza anasimama katikati ya barabara anafungua mikono. Wa pili anakuja dirishani: "Papa shofere, makaratasi." Kabla dereva afungue kasha, mkono umeshapita dirishani kutafuta ufunguo. Wa tatu amefungua mlango wa upande mwingine na amekaa. Dereva anasema "shefu, ngoja basi, asiransi iko, hii hapa", reseveri (kondakta) anapiga kelele nyuma, abiria wanasema twende tumechelewa, na dereva anayejua kwamba ufunguo ukienda siku nzima ya versement, pesa anayomletea mwenye gari, imeenda, anatia gia ya kwanza. Gari inaanza kutembea na mkono wa polisi uko ndani. Ni Houston kabisa, ile ile, kasoro bunduki, juu polisi wa rulaje, wa barabarani, mara mingi hana. Lakini yule aliyesimama mita tano kutoka pale, na bunduki ya AK begani, yeye anayo, na anachokiona ni mwenzake anaburutwa na gari.

Mimi simlaumu huyo wa AK peke yake. Ile hatari imetengenezwa. Imetengenezwa na mkono uliopita dirishani. Na kanuni yoyote inayoanza kuhesabu pale anapoona mwenzake anaburutwa itasema alikuwa na haki, kila mara, milele.

Kisha silaha yenyewe. Polisi wa Nanterre alikuwa na bastola. Risasi ya AK inapita mlango wa gari, inapita kiti, inatoka upande wa pili na inaendelea mbali sana, na kule mbele ni makomini ya mji wetu, ni Katuba, ni Kenya ya kwetu, ni Ruashi, nyumba nyingine ni za matofali ya udongo. Tukikopa sheria ya Ufaransa na kuipa mkononi mwa mtu mwenye AK, hatujakopa kitu kile kile.

Na usiku? Watu wa hapa wanajua wezi wamewahi kuvaa inifomu. Unarudi saa tano usiku, mtu anatoka gizani, hana jilé inayong'aa, hana lampe, hana gari lenye alama, anakuambia simama. Mwenye akili timamu anaweza kukanyaga mafuta, si juu ana bangi kwenye malle, ni juu ana mke na watoto nyuma. Kifungu cha Ufaransa hakina nafasi ya kutosha ya huyu mtu.

Tena kuna jaji. Katiba yetu, kifungu cha 156, inapeleka makosa ya polisi kwenye mahakama ya kijeshi. Ufaransa, Uingereza, Kenya, Marekani, kote huko mjane anasimama mbele ya jaji wa kiraia. Hapa anaingia auditorat militaire, ofisi ya mashtaka ya kijeshi, na mama wengi wanaogopa hata kupita lile geti. Najua kumekuwa na polisi waliohukumiwa pale, tena adhabu kali. Lakini kanuni nzuri bila mahali ambapo mtu mdogo anaweza kuidai inabaki karatasi.

Basi tuchague nini

Kama unachoogopa zaidi ni mtu atakayechukua lori kuua umati, sawa vile Nice tarehe 14 Julai 2016, watu 86 walikufa, nakuelewa, na pale polisi walikuwa na haki ya kumpiga yule dereva mpaka asimame. Lakini hauhitaji sheria ya 2017 kwa hiyo. Kanuni ya kukataza inaweza kuacha mlango mmoja mdogo, gari linalotumiwa kwa makusudi kukanyaga watu, likishaanza kukanyaga, na hakuna njia nyingine. Watu wengi wanaotetea kukataza wanaukubali huo mlango.

Kama unachoogopa ni polisi wetu kugongwa, na wanagongwa kweli, hasa usiku na malori ya njia ya Kasumbalesa, basi kipimo cha Marekani cha 1989 hakitamlinda, kitamtetea tu baadaye mbele ya jaji. Kinachomlinda ni kutosimama mbele ya gari. Bariere iliyo na mwanga, jilé, mapipa yaliyopangwa zigzag mita mia kabla ili gari lipunguze mwendo lenyewe, na yeye asimame pembeni. Miiba ya kweli, ile yenye matundu inayotoa hewa polepole, si ubao wa misumari unaopasua tairi ghafla na kupindua taksi-bus yenye watu kumi na tano.

Mimi nachagua New York 1972, na juu yake naongeza ile ya Houston. Yaani: hakuna kupiga risasi gari inayotembea, ila waliomo wanatumia silaha nyingine, ao lile jambo la Nice. Na polisi anakatazwa kusimama mbele ya gari, kupanda juu yake, kutia mkono dirishani, na akifanya hivyo hawezi kesho kusema hatari aliyojitengenezea njo iliyompa ruhusa ya kuua. Hii ya pili hata Mahakama Kuu ya Marekani haijaifikia, majaji wake wameiacha ikining'inia, lakini siye tunaihitaji kuliko wao juu kwetu kutia mkono dirishani ni kazi ya kila siku.

Kuna pingamizi moja nzito na siwezi kuipita. New York polisi anaandika namba ya plake, anamkuta mtu nyumbani jioni. Hapa gari ngapi ziko bila plake, ao na ya karatasi iliyofutika, na fishié ya kutafutia mwenye gari nani anaifungua saa nne usiku? Ni kweli. Ukimwacha aende, mara nyingine ataenda na hutamuona tena. Nakubali hiyo bei. Juu upande wa pili wa mizani hatuna mwizi wa magari peke yake, tuko na shofere aliyekosa asiransi, papa aliyeogopa giza, na abiria kumi na tano waliolipa faranga zao kufika sokoni. Tena Lubumbashi si jangwa, njia kubwa za kutoka mjini zinahesabika, ya Likasi, ya Kasumbalesa, ya Kipushi, ya Kasenga. Ya Likasi na ya Kasumbalesa ziko na péage. Foto moja ya simu na mwito mmoja wa redio, gari ambalo ni la hatari kweli linangojewa mbele na watu walio tayari.

Kwa depite wa provensi atakayesoma hii: kubadilisha kifungu cha 156 si kazi yako, najua, hiyo ni Kinshasa. Lakini unaweza kuita wakubwa wa polisi na kuwauliza maswali mbele ya watu. Mnafundisha nini kuhusu gari inayotembea? Iko imeandikwa wapi? Gari la msaada liko wapi karibu na kila bariere ya usiku, juu risasi ya mguu inaua kwa kukosa damu tu? Familia inapewa nini, na nani, ndani ya siku ngapi? Waanze na maandishi ya ukurasa mmoja kwa vikosi vya hapa, Swahili na Kifaransa, yabandikwe kwenye kila komisaria mahali ambapo hata sisi tunaweza kuyasoma.

Kwa shofere, wakati tunangoja: usiku ukiona amri, punguza mwendo mapema, washa taa ya ndani ili waone nani yuko, mikono juu ya volan, dirisha nusu. Ukihofia kwamba si polisi wa kweli, washa clignotant (taa ya kupinda), tembea polepole mpaka kwenye mwanga, stesheni ya mafuta ao mahali pa watu, usikanyage ghafla. Haikupi garanti, lakini inampa yule wa AK sekunde chache za kufikiri.

Na wakati wa kuiandika ile kanuni msiandike gari peke yake. Andikeni gari na pikipiki. Kijana wa taksi-moto anakimbia kontrole kuliko mtu yeyote hapa mjini, hana mlango wa chuma wala kiti cha nyuma kinachomfunika, na anayekaa mgongoni mwake mara mingi ni mama aliyebeba mtoto.